Kazi ya Mwezi Huku Kindu

Kindu, Kasuku, nyumba za reli
Mwezi umeanza kumegeka upande mmoja

Kwa Baba yangu, ufukoni Kalemie

Baba, jambo. Nimenawa mikono, nimeketi vizuri, ndipo nimeshika kalamu, kwa hiyo pokea salamu safi. Umeamkaje? Jana umekula nini? Na lile goti la kushoto linasemaje wakati huu wa mvua? Sisi huku tu wazima. Mkwe wako Zaina ni mzima. Mjukuu wako Mwamini ameanza kutembea kwa kushika ukuta, na kila anachokiokota anakipeleka mdomoni kukionja kwanza, halafu ndipo anakitazama. Mimi nimekonda kidogo, lakini si ugonjwa, ni kazi na jua.

Yaya Feza, najua wewe ndiye unayemsomea. Dada yangu, soma polepole, na usiruke mahali utakapoona haya kupasoma. Ukimwona Baba amefumba macho usidhani amelala, ndivyo anavyosikiliza. Ukifika mahali pa kucheka, mngoje acheke kwanza, ndipo uendelee. Barua hii nimempa Kabongo, rafiki yangu anayesindikiza mabehewa ya mizigo. Yeye atamkabidhi mwenzake pale Kabalo, na huyo mwenzake ataileta mpaka mlangoni kwenu. Posta nimeiacha, maana barua ikiingia mle ni kama jiwe lililotupwa majini.

Barua yako, Yaya, ilinifikia ndani ya mfuko wa ndagala, chini kabisa. Ndagala tulizimaliza haraka, Zaina alizipika kwa mawese na pilipili na majirani wakaja kutusalimia kwa wingi jioni ile, kila mmoja akidai amepita tu. Barua nilibaki nayo. Umeandika kwamba katika giza moja, siku ambazo mwezi hauonekani, Baba aliona taa ya watu wengine mbali, akadhani ni taa ya mtumbwi wetu wa pili. Akawaamuru wenzake wapige kasia kwenda kule, wakapanda juu ya mawe ya pale kwenye ncha, ubao ukapasuka, wakarudi nyumbani wakichota maji kwa sufuria. Umeandika pia kwamba Baba anasema macho yake ni mazima, ila taa za siku hizi ndizo hazina nguvu, na kwamba kila giza likija ataingia tena ziwani.

Baba, nilipofika kwenye taa zisizo na nguvu nilicheka. Halafu nikaiona ile sufuria ikichota maji, na kicheko kikanikauka. Naogopa, Baba. Nakuambia wazi kwa sababu mbali huku hakuna anayenitazama usoni. Naogopa siku nitakayofungua mfuko mwingine wa ndagala na kukuta barua nyingine chini yake.

Hofu hii si ya leo, ndiyo maana niliwahi kukuomba uje ukae nasi. Katika barua hiyohiyo Yaya anasema hukukataa na hukukubali, ila uliuliza neno moja tu: "Mwezi ya kule iko na kazi gani?" Watu waliokuwepo walidhani unatania. Mimi sikudhani hivyo. Nililibeba swali hilo kwenda kazini na kurudi nalo, na barua hii yote ni jibu lake, kwa hiyo univumilie ikiwa ndefu.

Zaina anasoma begani kwangu na ananiambia haelewi mwezi na kazi vinakutania wapi. Yeye ni mtoto wa Kindu, ziwa hajaliona. Basi niandike kidogo kwa ajili yake, wewe Baba unisamehe kukueleza nyumba yako mwenyewe. Zaina, kwetu watu hawavui kwa siku za juma. Mwezi ukipotea na anga likawa jeusi, mitumbwi inaingia ziwani jioni na taa za pampu mbele, na ndagala walioko chini wanapanda kuifuata ile nuru mpaka maji yanachemka kwa wingi wao. Mwezi ukiwa mkubwa, nuru imetapakaa kila mahali, ndagala hawana haja ya kuja kwenye taa ya mtu. Baba yangu ndiye aliyekuwa akiulizwa ufukoni: leo tuwashe kabla ya mwezi kupanda, ama tungoje utue? Watu wazima wenye mitumbwi yao walikuja uani kwetu kumuuliza, na yeye alitoka nje, akatazama juu, akajibu, akarudi kula. Sasa umeelewa swali lake. Anauliza kama huku kuna mtu atakayekuja kumuuliza kitu.

Kwa hiyo nilikwenda kuutafuta mwezi wa Kindu, nione una kazi gani.

Kwanza nikuambie tunavyoishi, usije ukadhani natembea nikitazama juu mchana kutwa. Kazi ni ileile ya bandarini, kutengeneza mashine za kupakia mizigo. Mashine moja imelala tangu kiangazi, inangoja kipande cha chuma ambacho kila mtu anasema kiko njiani. Sijui njia hiyo inapita wapi. Jumamosi tunafanya salongo, kazi ya umma ya lazima, tunafyeka majani kando ya barabara, wakubwa na wadogo, na mkuu wetu wa kazi, ambaye zamani alivaa tai mpaka shingo ikavimba, siku hizi ana koti bila tai kama serikali inavyotaka, na anaonekana kupumua vizuri zaidi. Tunaitana sitwayen, yaani raia, hata tunapogombana. Petroli ya taa inakuja inapotaka. Ikifika, utawaona watu wamepanga mabidoni na kuyalinda kama maiti ya mfalme, na ikiisha tunalala mapema.

Sasa huyu Zaina ana mjomba, ndugu wa mama yake, anaitwa Ramazani. Ni mvuvi wa mto, Mgenia kwa kabila, anakaa ng'ambo huko Alunguli, na kumfikia ni lazima kuvuka Lualaba kwa mtumbwi. Ni mtu mrefu, mpole, anaongea kana kwamba maneno yanauzwa. Nilipomwoa Zaina alinitazama sana mikono, kisha akasema mikono hii imewahi kushika kamba. Tangu siku ile ananipenda.

Mimi nikamwendea na majivuno yangu ya ziwani. Nilimwambia kwamba ninyi watu wa mto mnawahangaikia samaki bure, mnatega hapa, mnatega pale. Sisi wa ziwa hatumfuati samaki, tunamwita. Nikamweleza habari za giza na taa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama ndagala wana masikio. Nikamwambia angoje giza aone.

Giza likafika. Taa ya pampu niliiazima kwa kwaya ya parokia, na mkuu wa kwaya alinipa baada ya kunifanya niahidi kwamba nitaanza kuimba. Petroli niliipata kwa njia ambayo Yaya hana haja ya kuisoma kwa sauti. Jua lilipozama tulitoka, mimi na Mjomba Ramazani tu, tukafunga mtumbwi kwenye mti uliosimama majini, karibu na ukingo wa Alunguli, nami nikapampu, nikawasha. Baba, taa ilipowaka nilisikia moyo ukiruka kama zamani. Nikainama nitazame chini.

Maji ya huku ni ya rangi ya chai ya maziwa. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nimeyavuka mara nyingi, nimeyaoga, na bado kichwani mwangu yalikuwa maji yetu, yale ambayo mtu anaona kijiko kilichoanguka. Nuru iliingia kiasi cha mkono, ikaishia hapo. Sikuona samaki, niliuona uso wangu. Na wavu niliokuwa nimeushusha chini kwa heshima zote ukanyooka pembeni, ukapeperuka ndani ya maji kama nguo iliyoanikwa siku ya upepo, maana mto unatembea. Ziwani unashusha wavu na wavu unatulia. Hapa unashusha wavu, na wavu unaanza safari ya kwenda Ubundu, huko mto unakoteremkia.

Halafu wakaja wadudu. Nadhani walikuja wote wa Maniema. Waliingia masikioni, puani, ndani ya shati, na wale waliogonga kioo cha taa wakaanguka majini, na hapo ndipo visamaki vidogo vikaja nyuma ya mtumbwi kuwala. Tulivichota. Vilijaa kisahani cha chai, Baba, na sikisemi kisahani ili kunogesha. Mjomba alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yakitikisika. Mara tukasikia pumzi nzito upande wa majani, na kicheko chake kikakoma.

"Mukwe, zima taa," akaniambia taratibu. "Kiboko iko pale, anataka kujua ni nani anamuangazia."

Nikazima. Tulikaa kimya mpaka pumzi ile ikahama. Kisha, gizani, akanieleza kwa sauti ya kunibembeleza, kama mtu anayemfunika mtoto shuka: "Ziwa inakaa, mukwe, mutu anaweza kuiita. Muto, ile inapita. Ule samaki unamuita, maji imekwisha kumubeba." Kesho yake Alunguli nzima walikuwa wameshanipa jina. Wananiita Bwana Taa mpaka leo, na wanawake sokoni wakiniona wananiuliza kama nimekuja kununua ama kuwaita.

Basi nikaacha kufundisha, nikaanza kuuliza. Mwezi mzima nilivuka kila nilipotoka kazini mapema, na hiki ndicho nilichokiona. Kisikilize vizuri, Baba, kitakufurahisha.

Mjomba Ramazani anafuata mwezi sawasawa na wewe, ila anaufuata kwa namna nyingine. Anasema samaki wa mto akiona wavu anaupita pembeni, kwa hiyo yeye hutafuta giza, hata dogo. Siku zinazofuata mwezi mpevu, jua linazama na mwezi unachelewa kupanda, na kila jioni unachelewa zaidi. Hapo katikati kuna giza la kungojea. Ndiyo saa yake. Anatega wavu upesi, anavuta, na mwezi ukichungulia juu ya miti ya Alunguli yeye tayari anakunja. Siku zinazotangulia mwezi mpevu ni kinyume: jioni mwezi uko juu tayari, lakini unatua kabla ya alfajiri, kwa hiyo analala mapema na kuamka kabla ya adhana. Na mwezi ukijaa kabisa, ukikaa juu kuanzia magharibi mpaka asubuhi, hapumziki kama watu wetu. Anahamia chini ya miti iliyoinamia maji na kutega kivulini. Nilimuuliza kama ni baba yake aliyemfundisha. Akasema ni njaa.

Kambale wa huku ni wakubwa, Baba. Wana sharubu na uso wa mtu aliyekasirishwa na mwanawe. Ungewapenda.

Si samaki tu. Ng'ambo ya mto kuna mashamba ya mpunga, na wakulima nao wanausoma mwezi kwa sababu ya viboko. Wanasema kukiwa na giza kiboko anapanda mbali, anaingia mpaka katikati ya mpunga, na asubuhi unakuta shamba kama limelaliwa na behewa. Kukiwa na mbalamwezi anabaki karibu na maji, anakula majani ya ukingoni, maana naye hapendi kuonekana. Kwa hiyo wakati wa giza utasikia madebe yakipigwa ng'ambo, na mbalamwezi ikirudi madebe yanakaa kimya na watu wanalala. Wawindaji wanaoleta nyama sokoni kutoka njia ya Pangi wanasema hivyohivyo juu ya paa wadogo wa msituni. Mwezi ukiwa mkubwa paa hatoki kichakani, anaogopa chui asimwone, na mwindaji anarudi na mikono mitupu na maneno mengi. Popo nao wanaochafua minazi ya karibu na bandari huchelewa kuruka mwezi ukiwaka.

Sasa fikiri mwenyewe: mwezi mpevu samaki wanauona wavu, paa wamejificha. Zaina hatazami kalenda ya ukutani, anatoka uani, anainua macho, anarudi na kusema, "Leo sombe." Nimekula sombe ya mwezi mpevu, majani ya muhogo yaliyotwangwa, mpaka nikaanza kuuchukia uzuri wake.

Na kuna kazi nyingine ya mwezi ambayo ziwani hatuna sana. Wazee wa Kiislamu wa hapa, wajukuu wa wale waliokuja zamani na wafanyabiashara wa Unguja, Ramadhani ikikaribia husimama jioni ukingoni kuutafuta mwezi mchanga. Wanasimama kimya, kanzu zao nyeupe, kila mtu anatafuta mahali pake angani. Mtu mmoja akiuona anaonyesha kwa kidole, na hapohapo mji wote unabadilika, kesho watu wanafunga. Safari hii nilisimama nyuma yao na Mjomba. Nikafikiri, hii ndiyo kazi, Baba angesimama hapa nao, wala hakuna atakayemuuliza dini yake. Kisha nikakumbuka kwamba mwezi ule ni mwembamba kama ukucha, na nikakumbuka ulivyoiona taa ya watu ukadhani ni yetu. Nilirudi nyumbani bila kuwaaga.

Yaya, soma hapa bila kuogopa. Hapa ndipo penyewe.

Nilimwendea Mjomba Ramazani nikamwomba jambo. Nilimwambia habari zako zote, Baba, mtumbwi kwenye mawe, ubao, sufuria. Nikamwambia kwamba huyu mzee amekuwa akiulizwa maisha yake yote, na akikaa mahali asipoulizwa atakauka. Nikamuuliza kama kuna kazi yoyote, hata ya kuketi ukingoni na kusema leo tutege saa hii, kesho saa ile. Alikuwa anatia ndoana kwenye kamba. Alizitia mpaka akamaliza.

"Mwambie akuje," akasema. "Tutamuuliza. Hata kama tunajua, tutamuuliza."

Baba, nilikaribia kulia mbele ya mkwe. Nilivuka mto nikiwa na furaha kubwa, nikafika nyumbani, nikaanza barua. Si hii, nyingine. Niliandika kwamba wavuvi wa Kindu wanakuhitaji sana, kwamba wamesikia sifa zako, kwamba mto umewashinda wakati wa giza na wanamngoja mtu wa ziwa aje awaonyeshe. Niliandika vizuri. Ungekuja kwa barua ile, nina hakika, ungekuja na kasia yako begani.

Zaina aliisoma begani kwangu, kama anavyofanya sasa hivi. Alikuwa amembeba Mwamini, na Mwamini alikuwa anavuta karatasi. Zaina hakugomba, aliketi.

"Baba Mwamini," akasema, "muzee atajua siku ya kwanza. Atakaa pale kwa maji, watu watamuuliza kwa huruma, na yeye atajibu kwa huruma. Ndio ile unataka?"

Nikamwambia, basi nimwambie nini? Bila kazi hatakuja.

"Mutu anaita baba yake," akasema, "anamutafutia kazi ya nini?"

Barua ile nimeipa Mwamini aimalize. Alikuwa ameshaanza.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili, Baba, na ni la kweli. Mwezi wa huku una kazi nyingi, na hakuna hata moja inayokungoja. Mto unayo macho yake. Watu wa Alunguli wanajua wanachokifanya, walijua kabla yangu mimi na taa yangu ya kwaya, na wataendelea kujua. Ukija hapa utakuwa mzee mmoja katika nyumba za reli, mwenye kiti mlangoni, anayesalimiwa na wapita njia. Mjomba atakuja Ijumaa baada ya msikiti kukaa nawe, maana anapenda watu wasiosema sana, na mtabishana juu ya ndagala na kambale kwa sentensi chache. Chakula kitakuwa kile tunachokula. Siku nyingine kitakuwa sombe.

Mwenye haja na wewe ni mimi. Niliondoka nyumbani nikiwa nimekasirika kwamba hukunisindikiza kituoni, na miaka yote hii nimedhani nakutumia salamu kama mtoto mwema, kumbe nakuita. Nikitengeneza kitu kikaanza kunguruma vizuri, mtu ninayetaka aje asikie ni wewe. Nikiwa na jambo zito nageuka kumtafuta wa kumuuliza, na uko mbali, karibu na mawe, gizani.

Na yuko huyu mtoto. Watu wa hapa wanasema amechukua uso wa Zaina, lakini ile namna ya kukunja paji la uso akitazama juu ni yako, na hakuna aliyemfundisha. Yaya anasema asubuhi bado unamtambua mtu aliye karibu, na jioni ndipo ukungu unapokuwa mzito. Basi bado kuna kilichobaki. Baba, hayo macho yaliyobaki usiyamalizie ziwani. Ziwa umelitazama tangu utoto, unalijua hata ukifumba. Mwamini hujamwona hata mara moja. Kilichobaki nakiombea mtoto huyu.

Usije wakati wa giza. Najua moyo wako, na mimi pia ningeona vibaya kuondoka ufukoni jioni ambayo wenzangu wanasukuma mitumbwi. Njoo mwezi ukijaa. Siku zile mitumbwi yote iko mchangani, kila mtu anashona wavu na kukwangua taa, hakuna anayemuuliza mwenzake kwa nini yuko nchi kavu. Utakuwa umeketi kama wao, halafu utakuwa umesimama na kwenda kituoni kama mtu anayekwenda kumtazama mjukuu. Mtumbwi wako utabaki katikati ya mingine. Hakuna atakayejua ni upi ulioacha kuingia ziwani.

Kabongo atakupokea Kabalo na kukubadilishia treni, na nimemwambia akuketishe upande wa dirisha. Kongolo usishuke hata treni ikikaa sana, maana itaondoka bila kuaga. Kibombo watakuja wanawake wenye mchele na ndizi, nunua ndizi. Kindu nitakuwa nimesimama pale behewa litakapokuja kusimama.

Nisalimieni mama mdogo anayeanika ndagala, mwambieni Zaina anauliza anatia chumvi lini, kabla ama baada ya jua la kwanza. Nisalimieni shemeji, mume wa Yaya, ambaye najua ndiye atakayeupokea mtumbwi. Autie lami pale palipopasuka na asiubadilishe rangi. Wale wenzake Baba waliochota maji kwa sufuria, nawashukuru mmoja mmoja, na nawaomba wasimcheke akiwa bado hapo. Katekista wa ufukoni asiniombee niache kuimba kwaya, nimeahidi tayari. Kwenye kaburi la Mama, Yaya, ng'oa majani kwa mkono wangu, umwambie kwamba namchukua Baba kwa muda.

Zaina anaweka mkono wake hapa chini, na Mwamini ameweka mate yake pembeni, mtayaona. Nawaaga kwa upendo mwingi, nami nikiwa bado

mwanao,
Sangwa

Yaya, mwezi ukijaa mshike mkono mpaka ndani ya behewa. Akikuambia njia anaiona mwenyewe, mwache aseme, lakini mkono usiuachie.